Jina lililofifia pembeni mwa picha: Taita ina cha kudai

Mwaka 2025 taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilitoa tangazo ambalo wengi wetu huku Pwani hatukulisikia. Ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2026 haitaendelea kuwa mwenyeji wa Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2006 na ambayo imekusanya zaidi ya kurasa milioni 60 za vitabu na majarida ya zamani kuhusu mimea na wanyama. Maktaba yenyewe haikufutwa, ila washirika wake waliachiwa kazi ya kuitafutia makao mapya.

Mkazi wa Mwanda, huko juu kwenye baridi na ukungu, ana haki ya kuuliza: hilo lanihusu nini mimi? Nina ndovu shambani, nina barabara inayogeuka tope kila mvua ikinyesha, na maji ya mfereji hayana ratiba.

Lamhusu, tena sana. Milima ya Taita imo ndani ya kurasa hizo. Ndege ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri, ambaye duniani kote hapatikani ila katika vipande vichache vya msitu wa Taita, alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 na Edgar Mearns. Jina alilopewa ni la Edmund Heller, Mmarekani aliyemkusanya kwenye Mlima Mbololo. Ua dogo la zambarau la Mbololo liliandikwa mwaka 1958 kwa jina la Saintpaulia teitensis. Apalis fuscigularis, ndege mdogo wa msitu aliye katika hatari kubwa ya kutoweka, aliandikwa mwaka 1938. Wote hao ni majirani wa watu wa Mwanda, na vyeti vyao vya kuzaliwa viko ughaibuni.

Pamoja na maandishi hayo kuna picha. Kabla ya kamera kuwa chombo cha kila mtu, ua au ndege aliyepelekwa Ulaya hakujulikana mpaka achorwe. Leo picha hizo zinachukuliwa bure mtandaoni na kuwekwa kwenye kalenda, mabango ya hoteli, fulana na vitabu vya shule. Aghalabu hukatwa pembeni ili zikae vizuri, na kwenye zile pembe zilizokatwa ndiko jina la mchoraji lilikokuwa.

Ndiyo maana kuna watu sehemu mbalimbali za dunia, wengi wao wakijitolea, wanaokaa na picha hizi moja moja wakisoma saini zilizofifia ili kujua nani alichora nini. Makala hii inasema kwamba kazi hiyo si anasa ya wazee wastaafu wa Ulaya. Ni kazi ya ushahidi, na kaunti kama Taita Taveta ina sababu kubwa kuliko nyingi za kuijua na kuifanya.

Herufi tatu chini ya ua

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwishoni mwa karne ya 19, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la vivulini kutoka Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover aliliandika kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo wa ofisa huyo. Ndugu yake ua hilo ndilo lile la Mbololo. Mwaka 1895 ua la Usambara likatokea katika jarida la Uingereza liitwalo Curtis's Botanical Magazine, likiwa na picha ya rangi.

Picha za jarida hilo za miaka hiyo zina maandishi madogo sana chini. Upande mmoja utaona M.S. del. na upande wa pili J.N. Fitch lith. Asiyejua atadhani ni alama za kiwandani, lakini hizo ni saini za watu wawili. Del. ni kifupi cha neno la Kilatini lenye maana ya "amechora". Lith. ni yule aliyeihamisha picha kwenye jiwe la kuchapia. Ukikuta pinx., huyo ni aliyepaka rangi. Sculp. au sc. ni mchongaji wa bamba la shaba au la mti. Imp. ni mwenye mashine ya kuchapa. Kwa hiyo picha moja ya ua inaweza kuwa na mikono mitatu au minne, na kila mkono una mwenyewe.

M.S. ni Matilda Smith, aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1926. Alilichorea jarida hilo zaidi ya picha 2,300, na mwaka 1898 akatambuliwa rasmi kuwa mchoraji wa bustani ya Kew, London. Kazi yote hiyo ilipita duniani kwa herufi mbili. Kabla yake, na kwa muda pamoja naye, kulikuwa na saini H.T.D. Huyo ni Harriet Thiselton-Dyer, binti wa mkuu wa Kew, Joseph Hooker. Wanawake hawa wawili waliziba pengo baada ya Walter Hood Fitch kuacha kazi mwaka 1877 kwa ugomvi wa malipo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Walter Hood Fitch alikuwa na mpwa wake, John Nugent Fitch, naye akifanya kazi kwa jarida lilo hilo. Ukikuta picha yenye neno Fitch tu, herufi za mbele zimefutika, utasema ni nani? Anayekurupuka ataandika jina la mjomba kwa sababu ndiye maarufu. Aliye makini atatazama mwaka: ikiwa picha ni ya jarida hilo na ilitoka miaka ya 1890, mjomba alikwisha kuondoka zamani, tena alifariki mwaka 1892. Kisha atatazama kama baada ya jina kuna del. au lith., maana mpwa ndiye aliyekuwa mtu wa jiwe.

Kwa wachoraji wa ndege hali ni hiyo hiyo. Joseph Smit alichora, na mwanawe Pierre Jacques Smit akachora. Herufi moja ikifutika, kazi ya mwana inakwenda kwa baba.

Kazi yenyewe inafanywaje

Kusoma saini iliyofifia si uganga. Kuna hatua, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifuata.

Kwanza ni kutafuta mahali. Saini haikai kwenye kona ya chini pekee. Wachoraji wengine waliificha kwenye jiwe alilokanyaga ndege, kwenye majani ya chini, au kando ya mzizi. Pili ni mwanga. Ukiangaza karatasi kutoka juu, huoni kitu. Ukilaza tochi ya simu pembeni, mwanga ukapita juu ya karatasi kama jua la magharibi juu ya shamba, mikwaruzo ya kalamu inaonyesha kivuli chake.

Tatu ni kujua namna picha ilivyochapwa. Katika uchapaji wa jiwe, picha huchorwa juu ya jiwe laini kwa chaki yenye mafuta, na ikichapwa hutoka imegeuka kulia kushoto. Mchoraji akisahau kugeuza jina lake, linatoka kinyumenyume, kama neno AMBULANCE kwenye bonde la gari la wagonjwa linavyokuwa mpaka ulione katika kioo cha dereva. Saini nyingi zilizoitwa "hazisomeki" zinasomeka vizuri zikiwekwa mbele ya kioo.

Nne ni kulinganisha. Saini moja peke yake haitoshi. Hutafutwa picha nyingine za kitabu kile kile, za mchapaji yule yule, ambazo jina lake ni wazi, na umbo la herufi likawekwa bega kwa bega. Tano ni kusoma dibaji. Mara nyingi mwandishi alimshukuru mchoraji kwenye dibaji ingawa hakumtaja chini ya picha. Sita ni madaftari ya malipo. Jumba la uchapaji halikumlipa mtu asiye na jina.

La mwisho, na ndilo linalopuuzwa zaidi, ni kuandika kiwango cha uhakika. Kuna "jina lipo na linasomeka", kuna "yaelekea ni fulani kwa sababu hizi", na kuna "hajulikani". Haya matatu yasichanganywe. Jina la kubahatisha likishaingia mtandaoni, watu mia watalinakili, na baada ya miaka kumi litakuwa kama kweli. Siku hizi hatari imezidi, kwa sababu programu za akili bandia hutengeneza picha za "kizamani" na kuzibandika mikwaruzo ya pembeni inayofanana na saini lakini si ya mtu yeyote. Kesho mwanafunzi ataitafutia mwenyewe na hatampata.

Jina linabadili sheria

Kwa nini tujisumbue? Sababu ya kwanza ni ya kisheria, na inagusa mfuko.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya mchoraji kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kazi ambayo mwenyewe hajulikani huhesabiwa miaka 50 tangu ilipochapishwa mara ya kwanza. Akijulikana, hesabu inabadilika. Basi saini iliyofifia inaweza kuamua kama kikundi cha akina mama kinachochapa leso zenye maua ya Taita kinafanya halali au kinakaribisha barua ya wakili.

Picha za Matilda Smith ziko huru kwa sheria hiyo: alifariki mwaka 1926. Lakini mtazame Joy Adamson, ambaye wengi wanamjua kwa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa mimea. Alikuja Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Coryndon, Nairobi. Mwaka huo huo wa 1938 walikuwa katika msafara wa kisayansi wa milima ya Chyulu, jirani ya Tsavo. Mwaka 1944 akaolewa na George Adamson, na mwaka 1947 akatunukiwa nishani ya dhahabu huko Uingereza kwa michoro yake ya mimea.

Kwa hiyo mwanamke mmoja alipitia majina kadhaa. Alizaliwa Gessner, akawa von Klarvill kwa ndoa ya kwanza, kisha Bally, kisha Adamson. Mtu asiyejua historia hiyo ataona Bally na Adamson akadhani ni wachoraji wawili, au atampa mume kazi ya mke. Anayejua atapata faida ya ziada: jina la ndoa linamwonyesha karibu mchoro ni wa miaka gani. Na kwa kuwa alifariki Januari 1980, kwa sheria yetu kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2030. Anayezichapa leo bila ruhusa kwa kudhani ni "picha za zamani tu" amekosea.

Aliyetia saini si lazima awe peke yake

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na hapa ndipo Pwani inapoingia.

Mwaka 1855 mmisionari Jakob Erhardt, akishirikiana na Johannes Rebmann wa Rabai, alichora ramani ya Afrika Mashariki iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno. Wazungu waliicheka kwa umbo lake la konokono asiye na gamba. Hata hivyo ramani hiyo ndiyo iliyochangia kuwatuma Burton na Speke bara mwaka 1857. Majina yaliyo juu yake ni ya Wazungu. Lakini Erhardt hakuwa amefika kwenye ziwa hilo. Alichora kwa maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, Waswahili na Waarabu wa pwani yetu, waliokwenda na kurudi kwa miguu. Wao ndio waliokuwa macho ya ramani ile, na kwenye karatasi hawapo.

Rebmann mwenyewe alipopita Taita na kuiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri. Tunamjua kwa sababu Rebmann alimtaja. Je, wangapi waliowaongoza wakusanyaji wa mimea na ndege kwenda Mbololo, Ngangao na Vuria, wakawaonyesha ua liko wapi na linaitwaje kwa Kidawida, hawakutajwa? Saini ya mchoraji ni mlango wa kwanza tu. Ukimpata mchoraji, unapata kitabu. Ukipata kitabu, unampata mkusanyaji. Ukipata shajara ya mkusanyaji, ndipo unapoweza kukuta jina la kijana wa Taita aliyepanda mlimani mbele yake. Bila saini, kamba inakatika mwanzoni.

Wahenga walisema Mgala muue na haki umpe. Sisi hatuna haja ya kumuua Matilda Smith wala Erhardt. Tuwape haki yao, kisha tudai na ya kwetu kwa njia ile ile, tena kwa ushahidi.

Maana watu wa Taita Taveta wanajua kuliko wengi uzito wa jina kwenye karatasi. Mwaka 1884 Harry Johnston alipita hapa akielekea Kilimanjaro kwa ajili ya sayansi, akidhaminiwa na vyama vya wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa hodari wa kuchora, na picha za kitabu chake cha mwaka 1886 alizichora mwenyewe. Lakini katika safari hiyo hiyo alifanya mikataba na wakuu wa Taveta, na mikataba hiyo baadaye ikawa sehemu ya msingi wa madai ya Waingereza katika eneo hili. Mkono uliochora ndio uliotia saini mikataba. Leo hifadhi za Tsavo zinachukua takriban asilimia 62 ya kaunti, na madai ya mgao wa mapato yake hayajaisha. Asemaye kwamba karatasi za zamani hazina kazi, na aende akaulize wanaodai ardhi ya mikonge.

Hoja ya wapinzani

Nimesikia hoja mbili. Ya kwanza yasema haya ni mambo ya Wazungu, waache wasomane saini zao. Jibu ni kwamba sheria za leo zinazungumza lugha ya ushahidi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016. Mei 2024 shirika la WIPO lilipitisha mkataba unaotaka mwombaji wa hataza inayotegemea rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aeleze vilikotoka. Kampuni ikija kesho na dawa au ua la biashara lenye asili ya Mbololo, swali litakuwa: nani alijua, lini, na wapi imeandikwa? Mchoro wenye jina, mwaka na mahali ni jibu. Mchoro uliokatwa pembe ni pambo.

Hoja ya pili ni ya haki zaidi: fedha hazitoshi, na shule inayohitaji vyoo haiwezi kuambiwa isome saini. Nakubali kwamba vyoo ni kwanza. Lakini kazi hii haihitaji jengo wala tenda. Inahitaji simu, kioo, daftari, na mwalimu mwenye subira. Kurasa ziko mtandaoni bila malipo kwa sasa, na tangazo la Smithsonian limetukumbusha kwamba "kwa sasa" si "milele".

Mwanda wanaweza kuanza wapi

Mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi afanye mradi unaohusu mazingira yake. Shule za Mwanda, Wundanyi na Voi zinaweza kuchagua viumbe kumi tu vya Taita, zikatafuta kila mchoro wa zamani wa viumbe hivyo, na kuandika vitu vitano: nani alichora, nani alichapa, nani alikusanya, mwaka gani, na jina la kiumbe hicho kwa Kidawida au Kisagalla kutoka kwa wazee. Hilo la mwisho hakuna maktaba ya Washington wala London inayoweza kulifanya. Wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka.

Kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki kilichoko Wundanyi, na Makavazi ya Kitaifa yenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa Nairobi, ni majirani wa kugongewa mlango. Serikali ya kaunti inaweza kuanza na jambo jepesi kuliko yote: kuagiza kwamba picha yoyote ya zamani itakayotumika kwenye bango au kijitabu chake cha utalii isikatwe pembe, na jina la mchoraji liandikwe chini yake. Jina likikosekana, iandikwe "mchoraji hajulikani", ili anayejua ajitokeze.

Na wanaochora leo? Vijana wetu wanachora ndege na maua kwa oda za watafiti na mashirika. Kijana, weka jina lako kamili, mwaka na mahali, ndani ya mchoro na si pembeni ambako mkasi unafika. Usiwaachie wajukuu kazi ya kulaza tochi ili wajue kama ulikuwepo.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Misitu ya Taita imebaki vipande, na habari zake zimetawanyika kwenye maktaba za mbali, zikiwa na majina yaliyofifia. Kuyasoma majina hayo hakurudishi msitu. Lakini siku Mwanda itakapokaa mezani kudai sehemu yake, iwe ya heshima au ya fedha, itaulizwa karatasi. Ni afadhali iwe nayo mkononi.